Umelala wapi usiku wa kuamkia leo?

Usiku wa kuamkia Agosti 23, 2022, makarani wa Sensa ya Watu na Makazi hawakuanzia majumbani. Walianzia stendi, hospitalini, kwenye nyumba za wageni na barazani mwa maduka, vishikwambi mkononi, kwa kuwa sensa ya Tanzania humhesabu mtu pale alipolala usiku huo, na wapo watu ambao wangesubiriwa hadi kupambazuke wasingeonekana tena. Kwa kijana aliyekuwa amejilaza juu ya boksi pembeni mwa soko, huenda huo ndio usiku pekee ambao mtu aliyetumwa na serikali alimwinamia gizani bila kumfukuza wala kumkamata, akamuuliza jina lake, umri wake na mahali alipozaliwa. Alihesabiwa, naye yumo ndani ya idadi ya watu 61,741,120 tunayoitumia kupangia shule, barabara na zahanati.

Usiku uliofuata alilala palepale, na safari hii hakuna aliyemuuliza. Kama alikuwa na miaka 12, zipo sheria na watu wenye wajibu wa kumuuliza. Kama alikuwa na miaka 20, hakuna mwenye wajibu huo, na hilo ndilo ninalotaka tulitazame kwa makini. Nchi yetu ina makao ya watoto, hata kama ni machache na mengi yanaendeshwa kwa misaada, na ina mahabusu kwa mtu mzima anayetuhumiwa kuzurura. Kwa kijana wa kati ya miaka 18 na 25 aliyekosa pa kulala leo usiku, hakuna mlango wa umma unaofunguka. Naamini pia kwamba tukiamua kuufungua tutakosea iwapo tutafikiria kitanda peke yake, kwa sababu umaskini wa kijana huyu unatokana na kukosa anwani kuliko kukosa godoro.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu mwenye umri wa chini ya miaka 18, na ndani ya mpaka huo imejengwa mifumo yenye manufaa ya kweli: afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ana wajibu juu ya mtoto aliyetelekezwa, mtoto anaweza kupelekwa kwa mtu wa kuaminika au kwenye makao yaliyosajiliwa, na mtu yeyote anaweza kupiga simu namba 116 kutoa taarifa juu yake. Ukishavuka mpaka huo, vyote hivi vinakuacha kwa siku moja. Wanaoachwa si wageni wa mfumo huo. Wengi wao ndio waliolelewa nao. Mtoto aliyeingia kwenye makao akiwa na miaka 9 hutoka akiwa na 18, pengine na cheti cha kidato cha nne au ufundi cherehani wa miezi sita, halafu anaambiwa ameshakuwa mtu mzima. Mtoto wa nyumbani akifika umri huo haambiwi hivyo. Anaendelea kula kwa mama yake, anaazimwa nauli, anarudi akishindwa. Tunamtaka yatima afanye akiwa na miaka 18 jambo ambalo watoto wetu wenyewe hawaliwezi wakiwa na 24.

Chanzo cha pili kimejificha ndani ya neno moja tulilolizoea, yaani kaya. Karibu kila msaada wa jamii hapa nchini humfikia mtu kupitia kaya yake. Mpango unaoendeshwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) unaitwa wa Kunusuru Kaya Masikini, na walengwa hupatikana kwa kujadiliwa na wakazi wenzao katika mkutano wa kijiji au mtaa. Ni utaratibu mzuri kwa mjane mwenye wajukuu wanne anayejulikana na majirani wote. Kijana aliyetoka Singida au Ukerewe akiwa peke yake, anayelala Feri leo na Buguruni kesho jijini Dar es Salaam, si kaya, hana jirani wa kumtaja mkutanoni, na mtaa anaolala haumhesabu kuwa mkazi wake. Anaishi mjini bila kuwa wa mtaa wowote, na hapa Tanzania asiye na mtaa hana pa kuanzia.

Tufuate karatasi moja tuone inakwenda wapi. Ili kijana aandikishwe kitambulisho cha taifa, fomu yake hupita kwa mtendaji wa kijiji au mtaa anayethibitisha kwamba anamfahamu. Bila namba ya kitambulisho hicho (NIDA) hasajili laini ya simu kwa jina lake, jambo ambalo wengi walilielewa Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa. Bila laini yake hana mahali pa kuweka fedha kwa usalama, kwa hiyo kipato cha siku hulala mfukoni mwake, na yeye mwenyewe hulala barazani. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya vijana. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Lakini mkopo huo ni wa kikundi kilichosajiliwa, chenye shughuli inayoonekana na wanachama wanaotambulika wanakoishi. Kijana mwenye nguvu, asiyetumia kilevi chochote, anayebeba mizigo Kariakoo tangu saa kumi na moja alfajiri, hukwama kwenye hatua ya kwanza ya safari hiyo kwa kukosa muhuri wa ofisi ambayo ameipita kwa miguu mara mia.

Sasa tuangalie chumba chenyewe. Tuchukue chumba cha kawaida kabisa cha uswahilini, cha shilingi 40,000 kwa mwezi, choo cha pamoja uani. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, yaani 240,000, na dalali anataka ya mwezi mmoja kwa kazi ya kukuonyesha, kwa hiyo mlango haufunguki mpaka uwe na 280,000 mkononi kwa mkupuo. Kijana anayeweza kuweka kando shilingi 2,000 kila siku baada ya kula anahitaji siku 140 za kulala nje bila kuibiwa, bila kuugua na bila kukamatwa. Akishindwa kuvumilia mvua za masika akaingia gesti ya shilingi 10,000 kwa usiku, mwezi mmoja utamla 300,000, ambazo ni zaidi ya miezi sita ya kodi pamoja na dalali wake. Hesabu hii ndiyo inayonifanya nikatae usemi kwamba vijana hawa hawataki kujipanga. Mjini, asiye na mtaji wa kulala hulala kwa gharama kubwa kuliko mwenye nao.

Nimewahi kufika stendi ya Mbezi alfajiri mapema kusubiri basi la Morogoro. Karibu na nilipokaa kijana mmoja aliamka, akalikunja boksi alilokuwa amelilalia mara nne, akalisukuma nyuma ya meza ya mama lishe na kulikandamiza kwa tofali. Kisha akavuta kutoka ndani ya fulana yake mfuko wa nailoni uliofungwa fundo mbili, akaufungua, akatazama karatasi iliyokuwemo, akaifunga tena. Ilikuwa ni hati yake ya matokeo ya kidato cha nne. Nilipomsalimia na kumuuliza mbona anaibeba mwilini, alijibu, “Begi waliondoka nalo na nguo zote, mzee. Hii ilibaki kwa sababu nililala nayo.” Alisema hivyo bila kulalamika, kama mtu anayeeleza njia, kisha akaenda kugombea mizigo ya abiria. Tangu siku hiyo, kila ninaposikia mipango ya kuwajengea vijana hawa kituo kikubwa chenye karakana nje ya mji, huwa najiuliza kama kuna aliyefikiria kabati dogo lenye kufuli.

Huyo ni yule tunayemwona. Wasichana hatuwaoni, na kwa kuwa hatuwaoni tunadhani ni wachache. Wengi wao hawalali barazani kwa sababu baraza ni hatari kwao kuliko karibu kitu kingine chochote. Wanalala kwa shoga, kwa binamu wa mbali, kwa mwanamume ambaye wasingekuwa naye kama wangekuwa na chumba. Na wapo wanaolala kwenye nyumba wanazofanya kazi. Mtazame msichana wa kazi aliyeletwa kutoka Iringa au Dodoma akiwa na miaka 16, ambaye sasa ana 19. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 120,000 kwa mfanyakazi wa nyumbani wa kawaida asiyelala kwa mwajiri, na 60,000 kwa anayelala hapohapo. Kwa maneno mengine, kwa amri hiyo nusu ya ujira wake ililipwa kwa kitanda na chakula. Siku mwajiri anapomfukuza, hupoteza kazi na malazi kwa saa ileile. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe notisi ya siku 28 kwa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi aliyekwisha kuvuka mwezi wake wa kwanza, lakini notisi hiyo inahusu kazi, na anayeambiwa saa mbili usiku achukue begi lake atoke hatakumbuka kudai vifungu. Atakumbuka kutafuta mahali penye taa.

Mwanza lipo shirika la WoteSawa ambalo limeonyesha kwamba jambo hili linawezekana: linawapokea watoto wafanyakazi wa nyumbani waliotoka kwenye mateso, linawahifadhi, na kufuatilia mashauri yao. Pia zipo nyumba salama kwa wahanga wa ukatili wa kijinsia na wa biashara haramu ya binadamu, na madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi yanajua namna ya kuwafikisha huko. Lakini milango hiyo humtaka msichana awe mtoto, au awe amekwisha kuumizwa. Msichana wa miaka 19 aliyefukuzwa tu, ambaye hajabakwa wala kuuzwa, anafika dawatini akiwa hana kesi. Malazi ya dharura yangekuwa na thamani kubwa zaidi kwake kuliko kwa mwingine yeyote, kwa sababu yangemkuta kabla ya jambo ambalo nyumba salama hushughulika nalo baadaye. Kama jiji lingekuwa na vitanda kumi tu vya kuanzia, ningependa sita viwe vya wasichana, na viwe karibu na stendi, kwa kuwa ndiko mtu asiye na pa kwenda huelekea.

Kuhusu mkono wa sheria nitasema kwa kifupi. Katika zama za Mwingereza, walioitwa wahuni wa Dar es Salaam walikamatwa na kurudishwa makwao. Mwaka 1983, chini ya Sheria ya Nguvu Kazi, serikali yetu wenyewe ilifanya msako mjini na kuwapeleka vijijini wasio na kazi. Na vifungu vya uzembe na uzururaji tulivirithi ndani ya Kanuni ya Adhabu kutoka kwa mkoloni. Wengi wa waliopelekwa mwaka ule walirudi mjini, kwa kuwa sababu zilizowatoa vijijini zilikuwa bado zipo. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake hapa kwetu Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji zinazomwadhibu mtu kwa hali yake ya kukosa makazi au kipato zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Malawi ilikuwa imetangulia kwa uamuzi wa mahakama yake ya mwaka 2017, na Mahakama ya Katiba ya Uganda ilifuata mwaka 2022. Sihitaji kuongeza mengi. Kijana aliyelala sero siku tatu kwa kosa la kuwa nje usiku hutoka akiwa amepoteza kibarua, boksi na imani yake kwa yule askari ambaye kesho tungetaka amwelekeze kwenye malazi.

Wenzetu wamefanya nini? Jirani zetu wa Kenya waliunda mfuko maalumu wa kurekebisha hali za familia za mitaani mwaka 2003, na mwaka 2018 wakafanya hesabu ya kitaifa iliyopata watu 46,639, Nairobi peke yake ikiwa na 15,337. Kuwa na idadi yao pekee, iliyotengwa na idadi ya watu wote, ni hatua ambayo sisi hatujaifikia, ingawa makarani wetu waliwafikia hadi walipolala.

Mfano wa Marekani unafundisha jambo jingine. Huko, programu ya serikali kuu ya malazi ya dharura kwa watoto waliokimbia nyumbani humpa mtoto hifadhi ya hadi siku 21, na sheria yake ya kwanza ni ya mwaka 1974. Ilichukua hadi mwaka 1988 wao kukubali kwamba kwa kijana mkubwa siku 21 hazitoshi, ndipo ikaanzishwa programu ya makazi ya mpito kwa wenye umri wa kati ya miaka 16 na 21, ambayo kwa kawaida hufika siku 540. Tofauti ya siku 21 na siku 540 ni tofauti ya kazi mbili. Mtoto unamhifadhi huku ukitafuta mtu mzima wa kumrudishia, lakini kijana wa miaka 20 ndiye mtu mzima mwenyewe, na anachohitaji ni muda wa kupata karatasi, kibarua cha kudumu na kodi ya kwanza. Hata hivyo nchi hiyo tajiri bado inahangaika: utafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago uliotolewa mwaka 2017 ulikadiria kwamba kijana mmoja kati ya kumi wenye umri wa miaka 18 hadi 25 alikosa makazi kwa namna fulani ndani ya miezi 12, wakiwemo wengi waliokuwa wakijibanza kwa watu. Kujibanza tunakujua sana. Tunakuita undugu, na kwa kweli ni undugu, lakini wahenga walioagiza mgeni apewe jembe siku ya tatu walikuwa wanamweleza mwenyeji mwenye shamba. Mwenyeji mwenye chumba kimoja Tandale, mke na watoto wawili, hana jembe la kumpa mgeni wake. Ana sakafu tu, nayo ina mwisho.

Uingereza kuna mpango ulioanzia Leeds mwaka 1987 unaoitwa Nightstop, ambao kwao familia za kujitolea, zilizochunguzwa na kufundishwa, humpokea kijana wa miaka 16 hadi 25 kwa usiku mmoja au chache, akapata chakula, bafu na kitanda, huku wahudumu wakimtafutia makazi ya kudumu zaidi. Nakiri kwamba huu ndio unaonivutia kuliko yote, kwa sababu haudai jengo. Misikiti na makanisa yetu yana orodha za familia ambazo zingepokea mgeni kama zingehakikishiwa usalama na kama zingejua kwa hakika atakaa siku ngapi. Kinachowafanya watu wafunge mlango, hasa baada ya hofu ya vikundi vya vijana wahalifu vya Panya Road iliyowagusa wengi mwaka 2022, ni kutojua anayebisha hodi ni nani na ataondoka lini. Yote mawili yanajibiwa na afisa ustawi wa jamii mwenye simu na daftari.

Najua pingamizi litakalokuja, kwamba tukiweka vitanda Dar es Salaam vijana wote wa mikoani watamiminika. Wanamiminika sasa, na vitanda hakuna. Anayepanda basi kutoka Kahama anafuata kazi, au anamkimbia baba wa kambo, au anafuata jamaa aliyemwambia kuna kibarua bandarini. Hakuna atakayesafiri kutwa nzima kwa ajili ya godoro la usiku chache. Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba wengine ni mateja. Ni kweli wapo. Kliniki za methadoni, ambazo Muhimbili ilianza nazo mwaka 2011, kwa kawaida humtaka mgonjwa afike kila siku anywe dozi yake mbele ya mhudumu, na ni vigumu kwa mtu anayefurushwa kila usiku kutoka pembe hadi pembe kufika mahali palepale saa ileile kila asubuhi. Kwa hiyo malazi ni sehemu ya tiba yake, ilimradi asichanganywe chumba kimoja na msichana aliyefukuzwa kazi jana.

Malazi ninayoyafikiria ni madogo, ya vitanda 15 au 20, ndani ya mji, umbali wa kutembea kutoka stendi au soko, yanayofunguliwa jioni na kumruhusu mtu wa kibarua cha alfajiri atoke saa kumi. Yawe na kabati zenye kufuli, bomba la kufulia, na afisa ambaye swali lake la kwanza ni lilelile la karani wa sensa: umelala wapi usiku wa kuamkia leo? Ndani ya siku tatu za mwanzo afisa huyo awe amejua kama kuna ndugu wa kupigiwa simu na kama kijana anataka apigiwe, kwa sababu wapo wanaorudi nyumbani kwa furaha baada ya mtu mwingine kuanza mazungumzo, na wapo ambao nyumbani ndiko walikoumizwa. Baada ya hapo kazi iwe ni karatasi na kodi. Halmashauri inayoweza kukopesha kikundi mamilioni ya shilingi kwa ajili ya pikipiki inaweza pia kumdhamini kijana mmoja kwa mwenye nyumba, akalipa mwezi kwa mwezi badala ya miezi sita kwa mkupuo. Hilo linahitaji kanuni za mikopo zikubali kwamba kodi ya chumba nayo ni mtaji.

Vitanda vitahitaji bajeti na mabishano ya madiwani, na vitachelewa. Muhuri hauna sababu ya kuchelewa. Wenyeviti wa mitaa waliochaguliwa Novemba 27, 2024 wanakaa na watendaji wao katika ofisi ambazo kijana wa Mbezi anapita mbele yake kila siku. Waraka mmoja wa TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, unaweza kuwaelekeza kwamba mtu anayelala ndani ya mtaa kwa miezi mitatu, akathibitishwa na afisa ustawi wa jamii wa kata au na mama lishe anayemtunzia boksi lake, aandikwe kwenye daftari la wakazi na apewe barua ya utambulisho kama mkazi mwingine.